Mtonga anafikaje kusimama mbele ya darasa Auckland? (Uzi mrefu)

#1 Mkazi wa Otahuhu

Habari za humu, ndugu zangu. Juzi kulikuwa na mjadala kuhusu walimu wetu wanaotafuta kazi nje, na karibu kila mchangiaji alitaja Uingereza, Marekani au Ghuba. Nimeona nilete habari za watu wanaoipita njia hiyo kwa zaidi ya nusu karne sasa, ambao wengi wetu huwasikia tu likija Kombe la Dunia la raga. Ni Watonga.

Mimi ni Mtanzania, nafundisha shule ya msingi kusini mwa Auckland, Nyuzilandi. Watoto wa Kitonga ninao darasani mwaka nenda mwaka rudi, na baadhi ya walimu wenzangu wamezaliwa Tonga na kukulia huko. Ya darasani nitakayoeleza nimeyaona kwa macho. Ya historia nimeyasoma, mengine nimesimuliwa na wazee wao. Sitamtaja mtu binafsi kwa jina, wala shule.

Tonga ni ufalme wa visiwa zaidi ya 160 kusini mwa Pasifiki, na vyenye watu havifiki hamsini. Wananchi wote ni kama laki moja, pungufu ya wilaya nyingi za kwetu. Wengi wanaishi Tongatapu, kwenye mji mkuu Nukuʻalofa na vijiji vyake. Waliobaki wako Vavaʻu, Haʻapai, ʻEua na visiwa vya Niua kaskazini kabisa. Waingereza waliiweka chini ya ulinzi wao tangu 1900 hadi 1970, lakini kiti cha mfalme hakikuguswa, na katiba yao ya 1875 inakataza kuuza ardhi. Mtonga hana kumbukumbu ya mkoloni aliyemnyang'anya shamba.

Ana kumbukumbu ya shule. Mwaka 1866 mmisionari wa Kimethodisti, James Egan Moulton, alifungua Tupou College, shule ya sekondari ambayo bado ipo hadi leo. Miaka kumi baadaye, 1876, ufalme ukaifanya elimu ya msingi kuwa ya lazima. Tafakarini tarehe hiyo. Mwaka huo Wazungu walikuwa bado hawajakaa Berlin kuigawa Afrika. Ikafuata Tonga College ya serikali, 1882, na matokeo yake ni kwamba leo huwezi kumpata mtu mzima Tonga asiyejua kusoma isipokuwa kwa kumtafuta.

Mtonga wa kwanza kupata shahada ya chuo kikuu alikuwa mtoto wa Malkia Sālote Tupou III mwenyewe. Alisoma Sydney, akamaliza 1942, na aliporudi alipewa wizara ya elimu akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Chuo cha ualimu kikafunguliwa 1944, Tonga High School ikafuata 1947. Mtoto huyo wa malkia ndiye baadaye aliyekuwa Mfalme Tāufaʻāhau Tupou IV. Kwa hiyo kijana wa Kitonga aliyekua miaka ya 1950 na 1960 alijua wazi kwamba kazi zenye heshima kijijini ni mbili, mchungaji na mwalimu, na mara nyingi mtu mmoja alizifanya zote.

Msimamo wangu nauweka mapema ili mnibishie vizuri. Mtonga anayekuja kuwa mwalimu ugenini ameandaliwa na jamii iliyoipa shule heshima kwa vizazi vingi. Lakini kile anachokuja nacho, ambacho shule za huku zinakihitaji sana, ndicho ambacho fomu za usajili hazikiulizii kabisa.

Nakuja na sehemu ya pili.

#2 Chaki Nyeupe

Tupo dada, endelea. Swali langu kabla hujasonga mbele: walianza lini kwenda huko, na walikwenda kama walimu au kama vibarua?

#3 Mkazi wa Otahuhu

Vibarua, ndugu yangu. Na hapa lazima nikae kidogo, maana bila sehemu hii huwezi kuelewa kwa nini ualimu una uzito kwao.

Baada ya Vita Kuu ya Pili viwanda vya Auckland vilihitaji mikono. Wasamoa, watu wa visiwa vya Cook na Niue, na Watonga wakaja. Watonga wengi waliingia kwa vibali vya muda mfupi, wakafanya kazi viwandani, kwenye machinjio, kufagia maofisi usiku. Waliishi Ponsonby na Grey Lynn, mitaa ambayo wakati huo nyumba zake zilikuwa za bei ya chini. Leo ni ya matajiri na Wapasifiki wamesogea kusini, Māngere, Ōtara, na hapa Ōtāhuhu ninapoishi mimi.

Vibali vilipokwisha, waajiri hawakuuliza na serikali haikuuliza, kwa sababu kazi ilikuwepo. Halafu mwaka 1973 mafuta yakapanda bei duniani, Uingereza ikaingia soko la pamoja la Ulaya na Nyuzilandi ikapoteza mteja wake mkubwa wa nyama na siagi. Uchumi ulipoyumba, akatafutwa wa kulaumiwa. Kati ya 1974 na 1976 polisi walianza kugonga milango ya Wapasifiki alfajiri, watu wakiwa vitandani, kutafuta waliozidisha muda wa vibali. Watonga na Wasamoa ndio walioandamwa zaidi. Uchunguzi uliofanywa miaka ya 1980 ulionyesha kwamba Wapasifiki walikuwa kama theluthi moja ya wote waliozidisha muda, lakini asilimia 86 ya walioshtakiwa walikuwa wao. Wamarekani na Waingereza nao walikuwa kama theluthi. Walioshtakiwa miongoni mwao walikuwa asilimia 5.

Watoto wa nyumba hizo asubuhi ile ile walitakiwa wawe darasani. Wazee wanaosimulia leo walikuwa watoto wakati huo, na wanachokumbuka ni mwalimu Mzungu anayeuliza kwa nini hukufanya kazi ya nyumbani.

Vijana wa Kipasifiki wa mjini walijibu kwa namna yao. Mwaka 1971, Ponsonby, walianzisha kundi la Polynesian Panthers, na mmoja wa waanzilishi, Will ʻIlolahia, ana asili ya Tonga. Watu wanakumbuka maandamano yao, na jinsi walivyokwenda kuwagongea mawaziri milango usiku ili nao waonje. Mimi nakumbuka zaidi kwamba walifungua vituo vya watoto kufanyia kazi za shule baada ya masomo, wakawasaidia kwa hesabu na kusoma. Kabla serikali haijafikiria kuleta walimu wa Kipasifiki, vijana wale walikuwa wanafundisha bila mshahara.

Tarehe 1 Agosti 2021, Waziri Mkuu Jacinda Ardern aliomba radhi rasmi katika ukumbi wa jiji la Auckland, akafunikwa mkeka kwa desturi ya Kisamoa ya kuomba msamaha. Binti wa kifalme Mele Siuʻilikutapu alijibu kwa niaba ya Watonga. Pamoja na radhi ile serikali ilitenga fedha za ufadhili wa masomo kwa jamii za Pasifiki. Najua wapo waliosema ni kidogo, na ni kweli ni kidogo. Lakini ona fidia yenyewe imewekwa wapi: kwenye masomo.

Basi kizazi cha kwanza cha walimu wa Kitonga huku hakikutoka Tonga na shahada mkononi. Kilitoka kwenye nyumba hizo. Mama anasafisha maofisi usiku, baba yuko kiwandani, na mtoto mmoja ameshachaguliwa na ukoo mzima kwamba huyu atasoma.

#4 Pwani Tulivu

Habari ya kugongewa alfajiri imenichoma. Sikuijua kabisa, na nilidhani Nyuzilandi ni nchi ya amani tupu. Sasa dada, tuambie ya leo. Mtonga aliyeko Nukuʻalofa asubuhi hii, ana cheti chake cha ualimu, anafanyaje mpaka asimame darasani huko?

#5 Mkazi wa Otahuhu

Asante. Hapa ndipo penye kiini.

Kwanza aingie nchini. Tangu 2002 kuna mpango wa kupata ukaazi kwa bahati nasibu kwa nchi chache za Pasifiki. Tonga ilipoanza ilipewa nafasi 250 kwa mwaka, zikihesabiwa pamoja na mwenzi na watoto. Lazima uwe na umri wa miaka 18 hadi 45, na jina lako likitoka bado unatakiwa kupata ofa ya kazi yenye kipato cha kutosha. Ofa hiyo mara nyingi haitoki shuleni. Inatoka kwenye nyumba za kulelea wazee, kwenye maghala, kwenye ulinzi. Wengine huanza kwa mpango wa kazi za msimu ulioanza 2007, wakaja kuvuna tufaha na kupogoa mizabibu, ingawa huo haukupi ukaazi. Unamaliza msimu unarudi. Nawafahamu watu waliokuwa walimu kwao, wenye madarasa yao, ambao huku walianza kwa kubadilisha shuka za wazee.

Pili, cheti. Kwa miaka mingi walimu wa Tonga walisomea Tonga Institute of Education na kupata stashahada. Chuo hicho sasa kimo ndani ya chuo kikuu cha taifa kilichoanzishwa 2023. Huku, ili usajiliwe, sifa zako zinapimwa na mamlaka iitwayo NZQA zilingane na shahada ya huku, na baada ya hapo baraza la walimu, Teaching Council, ndilo linaloamua. Stashahada kwa kawaida haifiki. Mtu aliyefundisha miaka kumi na tano anaambiwa arudi chuo. Wenye bahati walisoma pia University of the South Pacific, ambacho kilianzishwa Suva, Fiji, 1968 na kina tawi Tonga. Shahada ya pale inawapunguzia safari.

Tatu, Kiingereza. Kwa miaka mingi kipimo kimekuwa alama 7 katika IELTS ya kitaaluma, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, na si wastani, ni 7 kwenye kusikiliza, 7 kusoma, 7 kuandika, 7 kuzungumza. Msamaha uko kwa waliosoma kwa Kiingereza katika nchi chache zilizoorodheshwa. Mtonga anaanza shule kwa Kitonga, Kiingereza kinaongezeka kadiri anavyopanda madarasa, na sekondari kinatawala. Hali hiyo sisi tunaijua vizuri sana. Anafundisha hesabu kwa Kiingereza bila shida, lakini kwenye insha ya dakika arobaini kuhusu mada asiyoijali anapata 6.5. Anarudia, analipa tena. Matokeo yenyewe yana uhai wa miaka miwili, kwa hiyo akichelewa kukamilisha mengine anaanza upya.

Sisemi kipimo kiondolewe. Mtoto wa Kitonga ana haki ya mwalimu anayejua Kiingereza sawasawa, tena kuliko mtoto yeyote, kwa sababu ndicho kitakachombeba au kumwangusha. Ninachopinga ni kupima upande mmoja tu. Mwalimu huyo huyo akijua Kitonga cha ndani, akaweza kuzungumza na bibi wa mtoto, hapati hata nusu alama.

Akivuka hayo kuna uhakiki wa polisi, halafu anapewa cheti cha muda. Anafundisha miaka miwili chini ya mwalimu mlezi, anaangaliwa, anaandika kumbukumbu za kazi yake, na baada ya hapo ndipo anapata cheti kamili. Anatakiwa pia aonyeshe kwamba anaheshimu Mkataba wa Waitangi, yale makubaliano ya 1840 kati ya Wamaori na Waingereza, na kwamba anakuza lugha ya Kimaori darasani. Hapa Watonga hawana shida. Kitonga na Kimaori ni ndugu, na salamu, majina ya viungo vya mwili, hesabu za kwanza, wanazishika upesi.

Iko njia nyingine, ya chini kwa chini, ambayo mimi naiona ndiyo iliyozaa walimu wengi wanawake. Makanisa ya Kitonga yana chekechea zao, wanaziita ʻakoteu. Watoto wanaimbiwa, wanaombewa na kufundishwa kwa Kitonga. Mama anaanza kama mlezi tu pale, kwa sababu anajua nyimbo. Anapenda kazi. Anasomea ualimu wa awali huku akiendelea kufanya kazi mchana, na watoto wake mwenyewe wanalelewa na mama mkwe. Inachukua miaka, lakini siku ya mahafali utaona kanisa zima limekuja, na mhitimu amefunikwa mashada ya maua na noti zilizokunjwa hadi uso hauonekani.

#6 Mwalimu Mstaafu

Binti yangu, nimesoma yote na nakupongeza kwa kazi nzuri. Nimefundisha vijijini Njombe maisha yangu yote na nina neno zito kidogo. Unatueleza jinsi Mtonga anavyofika Auckland. Hujatueleza darasa aliloliacha. Nchi ya watu laki moja ikitoa walimu, nani anabaki kufundisha kule Niua? Sisi tumeona walimu wa hisabati na fizikia wakihama hata bila kuvuka mpaka, wakiwakimbilia wenye shule za kulipia mjini, na kijiji kikabaki na mwalimu wa michezo akifundisha fizikia. Usituletee habari za kupendeza tu.

#7 Mkazi wa Otahuhu

Shikamoo mwalimu. Umeuliza swali ambalo Watonga wenyewe wanaulizana kila siku, na sitalikwepa.

Ni kweli, Tonga inapoteza. Inapoteza walimu, manesi, mafundi. Sensa ya Nyuzilandi ya 2018 ilihesabu Watonga zaidi ya 82,000 huku peke yake, na bado hujahesabu Australia na Marekani. Kwa maneno mengine, walio nje ni wengi kuliko waliobaki nyumbani. Na mwalimu anapoondoka kisiwa kidogo, pengo lake halizibwi kwa kuhamisha mtu kutoka wilaya ya jirani, maana wilaya ya jirani ni safari ya meli.

Lakini tuangalie pia kwa nini wanaondoka. Mwaka 2005, kuanzia Julai hadi mwanzoni mwa Septemba, watumishi wa serikali wa Tonga waligoma kwa wiki zipatazo sita, na walimu walikuwa mstari wa mbele. Shule zilifungwa. Walikuwa wamechoka kuona wakubwa wakijipandishia mishahara huku wa chini wakibaki palepale. Serikali ilikubali nyongeza ya asilimia 60, 70 na 80 kwa madaraja tofauti, wa chini kabisa wakipata zaidi. Hebu fikirieni mishahara ilikuwaje hadi nyongeza ya asilimia 80 ionekane ni haki. Mwaka uliofuata fedha za kulipa hazikutosha, na mamia ya watumishi wakaondolewa kazini kwa malipo ya kuagana. Kati yao wapo walioishia huku.

Upande wa pili wa mizani ni fedha zinazorudi. Tonga iko juu kabisa duniani kwa uzito wa pesa za walio nje: zaidi ya theluthi ya pato la taifa. Mwalimu wa Kitonga ninayekaa naye meza moja analipa ada za wapwa zake Haʻapai, anachangia paa la kanisa la kijiji, na kila mwaka kuna misinale, siku ya matoleo makubwa ya kanisa, ambapo jina la familia linasomwa pamoja na kiasi ilichotoa. Vijana waliozaliwa huku wanailalamikia sana misinale, wanasema inawaacha wazazi na madeni. Nadhani wana hoja. Ila shule nyingi za sekondari za Tonga ni za makanisa, na sehemu ya fedha hiyo ndiyo inayowalipa walimu waliobaki. Kwa hiyo mwalimu aliyeondoka anamlipa kwa sehemu mwalimu aliyebaki. Haitoshi, mwalimu, nakubaliana nawe. Pesa haisimami mbele ya darasa la fizikia.

Ningependa kuona Nyuzilandi, ambayo inafaidika, inagharamia mafunzo ya walimu kule kule Tonga kwa idadi inayowazidi wale inaowachukua. Hilo ningelipigania.

#8 Mkongo wa Utah

Salamu kutoka Salt Lake City. Mimi ni Mkongomani, tulifika hapa kupitia kambi ya wakimbizi, na nimefurahi kuona uzi huu kwa sababu Watonga ni majirani zetu. West Valley City wako wengi mno. Mwalimu wa kwanza wa binti yangu hapa alikuwa mama wa Kitonga. Mtoto hakuwa anajua neno la Kiingereza, na mama yule ndiye aliyemshika mkono mwaka mzima.

Njia yao ya huku ni tofauti na hiyo ya Auckland. Wengi walikuja kupitia kanisa la Wamormoni, ambalo lilifika Tonga 1891 na lina shule kubwa ya sekondari pale Tongatapu, Liahona. Kutoka hapo kijana anakwenda Hawaii, mji wa Lāʻie, kwenye chuo kikuu cha kanisa kilichofunguliwa 1955. Kando ya chuo kuna kituo cha utamaduni wa Kipolinesia, tangu 1963, ambapo wanafunzi wanacheza ngoma kwa watalii, wanapika na kuongoza wageni ili wapate ada. Jirani yangu mmoja alisomea ualimu mchana na jioni anacheza ngoma. Alinieleza kwamba alijifunza kusimama mbele ya watu mia bila kuogopa pale jukwaani, kabla hajasimama darasani.

Dada, tueleze hayo ya darasani ulivyoahidi.

#9 Mkazi wa Otahuhu

Asante sana ndugu yangu, umeleta upande ambao mimi nisingeuweza. Ngoja niingie darasani, na hapa nitachukua nafasi.

Mtoto wa Kitonga aliyelelewa vizuri hamtazami mkubwa machoni anapokemewa. Anainamisha kichwa na kunyamaza. Haulizi swali mbele ya watu, kwa sababu kuuliza ni kama kumwambia mwalimu kwamba hukueleza vizuri. Kwetu hilo halihitaji maelezo. Wengi wetu tulilelewa hivyo hivyo. Lakini mwalimu wa huku, aliyefundishwa kwamba mtoto mwerevu hunyoosha mkono na kubishana, anaandika kwenye ripoti: hashiriki, hana ujasiri, huenda haelewi. Ripoti ya namna hiyo ikirudiwa miaka mitatu mfululizo, mtoto anawekwa kundi la chini, na akishawekwa huko kutoka ni kazi.

Mwalimu wa Kitonga anamsoma mtoto huyo papo hapo. Anajua ukimya upi ni wa heshima, upi ni wa kutojua, na upi ni wa njaa. Hampi swali mbele ya darasa zima. Anawapa kazi wakiwa wanne wanne, na unamwona mtoto yule aliyedhaniwa bubu anawafundisha wenzake hesabu kwa sauti.

Kuna jambo la kaka na dada. Tonga, kaka na dada wakishakua wanawekeana mipaka mikali. Hawakai pamoja chumba kimoja kutazama filamu yenye mapenzi, hawataniani kuhusu mwili, hawatamkiani maneno mazito. Na dada hapa ni pamoja na binamu wote wa kike. Sasa chukua darasa la sayansi, somo la mwili na kubalehe, umeketisha mvulana na binti wa mjomba wake meza moja. Wote wawili watakufa kwa aibu, na siku inayofuata hawaji shule. Nimeshuhudia mwalimu mzuri kabisa, mwenye nia njema, akishangaa kwa nini meza moja imekuwa mawe. Mwenzake wa Kitonga alipita, akaona majina ya ukoo, akawatenganisha bila kusema neno. Somo likaendelea.

Halafu kikao cha wazazi. Shule inaandika barua kwa baba na mama. Anakuja shangazi. Kwa Watonga dada wa baba ana cheo juu ya baba mwenyewe katika mambo ya watoto wa kaka yake, na akisema mtoto huyu atasoma, baba hana neno. Mwalimu asiyejua anamuuliza shangazi kama ana ruhusa ya wazazi. Mwalimu anayejua anamwekea kiti cha mbele. Nimeona tatizo la utoro lililosumbua muhula mzima likiisha katika mazungumzo mafupi na shangazi.

Haya yote hayamo kwenye IELTS wala kwenye vipimo vya NZQA.

Na hayakuanza kufikiriwa jana. Yuko msomi wao mkubwa, Konai Helu Thaman, ambaye kwa maoni yangu ndiye mfano bora wa Mtonga aliyekuwa mwalimu ugenini. Alisoma Tonga High School, akaja Auckland kumalizia sekondari na chuo kikuu, akasomea ualimu, akarudi kwao kufundisha. Akaenda California kwa shahada ya uzamili, na 1974 akaanza kazi University of the South Pacific, Suva, alikokaa maisha yake yote ya kazi kama mhamiaji nchini Fiji. Mwaka 1998 alipewa kigoda cha UNESCO cha elimu ya walimu na utamaduni. Ni mshairi pia. Hoja yake kuu ni kwamba elimu iliyoletwa Pasifiki ilimtaka mtoto aache nyumbani kwake mlangoni mwa shule, na kwamba mwalimu lazima afundishwe kuanzia kwenye utamaduni wa mtoto. Alichukua utengenezaji wa kakala, shada la maua la Kitonga, akaugeuza kuwa mpango wa kazi: kwanza unachuma maua kwa kuchagua, halafu unayaunga, na mwisho unalitoa, humvishi mwingine huku unalitaka tena. Vyuo vya ualimu vya huku vinaufundisha mpango huo sasa. Watafiti wa elimu wanautumia hadi kwenye tasnifu zao.

Nikilinganisha na sisi, tuna methali na nyimbo za jando na unyago zenye mafunzo mazito ya malezi, na sijaona chuo chetu cha ualimu kinachoyaweka katikati ya somo la mbinu za kufundishia. Nikosoeni kama kipo, nitafurahi kukijua.

#10 Pwani Tulivu

Hilo la kaka na dada limenikumbusha mambo ya mkwe kwetu bara, upande wa mama yangu. Kwa Wanyakyusa wa zamani mke alimkwepa baba mkwe wake kabisa, hata njiani. Mgeni asiyejua angedhani wamegombana. Mwalimu wa kigeni anayeingia darasani bila kujulishwa mambo kama hayo anafanya kazi gizani, sasa nimekuelewa.

#11 Mwalimu Mstaafu

Nimeridhika na jibu lako, binti. Hilo la nchi inayofaidika kugharamia mafunzo, lipeleke mbele zaidi ya hapa. Andika kwa Kiingereza uwape wakubwa wa huko.

#12 Kijana wa Diploma

Shikamooni wakubwa. Nina stashahada ya ualimu wa sekondari, naanza mwaka wa pili kazini. Dada, nikiwa na karatasi hizi nilizonazo, mlango wa huko uko wazi kwangu au nitapata yaliyompata Mtonga?

#13 Mkazi wa Otahuhu

Marahaba mdogo wangu. Yatakupata yale yale, tena wewe huna bahati nasibu ya Pasifiki. Stashahada peke yake usitegemee. Kamilisha shahada ya elimu hapo nyumbani ukiwa kazini, ni nafuu mara nyingi kuliko kuisomea huku kwa ada ya mgeni. Kiingereza hutapata msamaha, kwa hiyo jipange kwa 7 kila sehemu, na usikimbilie kufanya mtihani kabla shahada haijakamilika, maana matokeo yatakwisha muda mkononi. Tunza barua za kila shule uliyofundisha, zenye tarehe, masomo na madarasa, zikiwa na saini ya mkuu wa shule. Watu wengi wanakwama hapo kwa sababu mkuu wa shule ameshahama au amefariki. Cheti cha polisi usichukue mapema.

Masharti yenyewe yasome kwenye tovuti ya Teaching Council, na yasome upya kila unapokaribia hatua, kwa sababu yanabadilika. Ukimpata mtu anayekuambia ana njia ya mkato ya kukusajili ukimtumia pesa, mkimbie.